Tufundishwe Kuogelea Kabla ya Kufunga Shule



Nataka kusema machache juu ya jambo ambalo nadhani latuhusu sisi sote: wanafunzi, walimu, na wazee wetu wanaolisoma gazeti hili tulichukuapo nyumbani. Jambo lenyewe ni maji. Mwezi wa sita u karibu, shule itafungwa, nasi tutatawanyika kila mtu kwao. Siku ya kufunga shule husimama mstarini tukaambiwa mambo matatu: tusome vitabu vyetu, tuwatii wazazi, tusiende majini. Kwa hayo mawili ya kwanza sina neno. Hilo la tatu ndilo ninalotaka kulisemea, kwa sababu naona halitoshi.

Mkula hapa tumekaa mpakani mwa nchi za namna mbili. Upande mmoja ni ziwa, yaani Ghuba ya Speke, na wenzetu wa Lamadi, Nyashimo na Nassa wamezaliwa wakilisikia mawimbi yake. Upande wa pili ni nchi kavu ya Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, nchi ya pamba na ng'ombe, ambako mto ni mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka. Mimi natoka huko Bariadi. Mtu wa kwetu hulitazama ziwa kama mgeni atazamavyo sherehe ya watu. Hujua kwamba ni kubwa na zuri, lakini hajui desturi zake. Na mwezi wa sita ndio mwezi wa wageni. Pamba imeanza kuuzwa, fedha kidogo ziko mkononi, harusi ni nyingi, na watu husafiri kwenda kuwaamkia ndugu zao walioko ziwani. Mtoto aliyelelewa penye vumbi hufika kwa mjomba wake pwani ya ziwa, na siku ya pili tu amekwisha kufuatana na watoto wa huko kwenda kuoga. Anamwona mwenzake wa miaka minane anaruka toka kwenye jiwe, naye anaruka. Hakuna aliyemwambia ya kuwa penye jiwe lile chini hapana ardhi ya kusimama.

Basi sasa fikirini, yule mtoto alikatazwa. Alikatazwa na mwalimu mstarini, akakatazwa na mama yake kituoni alipompandisha gari. Yale makatazo yalimsaidia nini alipokuwa ndani ya maji? Makatazo hukaa ukingoni. Hayaingii majini pamoja na mtu.

Tena kuna jambo la pili, na hili nalisema hasa kwa ajili yetu wasichana. Sisi twakatazwa kuogelea, lakini hatukatazwi maji. Ni nani ateremkaye alfajiri na ndoo? Ni nani afuaye nguo za nyumba nzima penye mawe, huku maji yakimfika magotini? Ni nani achotaye maji lamboni wakati wa kiangazi, matope yanapoteleza kama sabuni? Kaka zetu angalau hujifunza kuogelea kwa kujificha, mmoja akimwiga mwingine, na baadhi yao hupata ujuzi. Msichana akionekana kuogelea huambiwa hana adabu. Kwa hiyo yule aliye karibu na maji kila siku ya Mungu ndiye asiyejua la kufanya atakapoteleza. Nimelitafakari jambo hili muda mrefu nami sioni akili yake.

Watu wa kwetu bara hudhani ya kuwa hatari ya maji ni mali ya watu wa ziwani. Hasha. Mwezi wa kumi na mbili, tunapofunga shule kwa likizo ndefu, mvua huwa zimekwisha kuanza. Mito ile ya mchanga, Simiyu na Duma na vijito vyake, huweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, mahali ambapo wewe huoni hata wingu. Mtu huanza kuvuka maji yakiwa chini ya goti, na kabla hajafika ng'ambo yamemfika kiunoni nayo yakimbia. Malambo ya ng'ombe hujaa. Mashimo waliyochimba watu kwa kufyatulia matofali hujaa pia, na haya nadhani ndiyo mabaya kuliko yote, kwa sababu yako karibu na nyumba, kingo zake zimesimama wima, na maji yake ni mekundu hata huwezi kuona kina. Mtoto mdogo ambaye ndiyo kwanza ajifunze kutembea hahitaji hata shimo. Ndoo iliyoachwa wazi uani yamtosha.

Nitaeleza jambo moja lililotokea karibu na kwetu, bila kutaja majina, kwa kuwa wenyewe bado wana majonzi. Watoto wawili wa kiume walikuwa wakichunga. Mdogo aliingia lamboni kunawa miguu akateleza. Mkubwa, ambaye hakujua kuogelea, alimrukia ili amwokoe. Yule mdogo alimkumbatia shingoni, kama afanyavyo kila mtu azamaye, wakashuka wote wawili. Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe zake aliwahi kunyosha fimbo yake ndefu, mkubwa akaishika akavutwa. Mdogo alipatikana baadaye. Mimi nilifika na wanawake wengine watu wakiwa wamekwisha kukusanyika. Walikuwa wamemning'iniza yule mtoto kichwa chini, miguu juu, wakimtikisa ili maji yamtoke tumboni. Walifanya hivyo kwa upendo na kwa nguvu zao zote. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyempulizia pumzi. Sisemi kwamba angalipona. Nasema tu ya kuwa tulikuwa watu wazima na vijana zaidi ya ishirini, wengine tumesoma sekondari, na hapakuwa na ajuaye.

Tazameni basi jinsi mambo mawili yalivyoonekana pale. Fimbo ya mchungaji iliokoa mtu, na moyo wa ushujaa wa ndugu ulikaribia kuua wa pili. Hili ndilo somo la kwanza ambalo ningependa lifundishwe hata kwa watoto wa darasa la kwanza: usimrukie mtu azamaye. Lala kifudifudi ukingoni, umnyoshee kitu, fimbo au tawi au kanga iliyosokotwa. Akiwa mbali, mrushie kitu kielee, kama dumu tupu la mafuta lililofungwa kifuniko. Piga kelele watu waje. Mtoto wa miaka saba aweza kuyafanya haya, na wala hahitaji kujua kuogelea.

Somo la pili lahusu methali yetu. Tangu utoto twasikia ya kuwa mfa maji haachi kutapatapa. Ni methali nzuri kwa mambo ya dunia, lakini kwa mambo ya maji yenyewe yaweza kutupoteza, maana hutufanya tungojee kuona mtu akipiga maji na kuita. Watu waliochunguza jambo hili wasema ya kuwa mara nyingi mtu huzama kimya. Mdomo wake uko sawasawa na maji, akipata nafasi huvuta pumzi, hana pumzi ya ziada ya kuitia. Mikono yake huikandamiza chini majini, haipungi hewani. Kichwa kimelala nyuma. Kwa mtu aliyeko pwani huonekana kama achezaye. Haya yote huchukua muda mfupi sana, pengine usiofika hata dakika moja. Kwa hiyo mama aliyekaa akiongea na wifi zake chini ya mwembe, akasema, "Nitawasikia wakilia," huenda asisikie kitu. Wa kumlinda mtoto majini ni mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, ambaye hana kazi nyingine wakati ule. Na asiwe amekunywa pombe. Siku za Krismasi na Idi, na Sabasaba pia, nimeona watu wazima wakienda pwani na chupa, na watoto wakiachwa walindane wenyewe.

Sasa najua wako watakaosema ya kuwa misiba mikubwa ya ziwa letu haikutokana na kutojua kuogelea. Hayo ni kweli kwa sehemu, nami sitaki kuyapita. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitoka Bukoba, ikiwa imepakia watu wengi kupita kiasi. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Wazazi wetu wengi walikuwa vijana wakati ule, na mpaka leo wakiitaja hushusha sauti. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kati ya Bugolora na Bwisya, kikiwa karibu kabisa kufika gati ya Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa walikuwa 228, na waliookolewa 41. Chombo kikipinduka na watu wamo ndani yake, ujuzi wa kuogelea huenda usimfae kitu aliyefungiwa chini. Ugonjwa wa vyombo vile ulikuwa ni kupakia kupita kiasi, na dawa yake iko kwa wakaguzi wa Serikali na kwa manahodha. Iko kwetu pia, maana mara nyingi ni sisi abiria tusukumanao kuingia, tukisema, "Tubananeni tu, ni mwendo mfupi." Chombo kikijaa, shuka. Mwenye mtumbwi akikosa maboya ya kuvaa, usipande, hata kama ni shemeji yako na atakuchukua bure. Boya lililofungwa kwenye paa la mtumbwi ni pambo. Livaliwe, tena lifungwe kamba zake.

Lakini lipo tukio jingine ambalo lanisaidia katika hoja yangu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 iliangukia ziwani karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Watu 24 walipona na 19 walikufa. Ni nani waliofika kwanza? Walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Jina la kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, lilitangazwa nchi nzima kwa jinsi ilivyosemwa kuwa alisaidia kufungua mlango wa ndege, na baadaye Serikali ilimwingiza katika jeshi la zimamoto na uokoaji. Nawaombeni mlifikirie hilo. Siku ya msiba wenye kufaa walikuwa watu wanaoyajua maji, wala si watu walioyaogopa vizuri. Ziwa letu lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, limegawanyika kati ya Tanzania, Uganda na Kenya, na hakuna Serikali iwezayo kuweka mwokozi penye kila jiwe na kila mtumbwi. Mwokozi wa karibu atakuwa daima ni jirani yako.

Wala misiba mingi ya maji haiandikwi magazetini. Meli ikizama twasikia redioni. Mtoto akizama lamboni huzikwa jioni ile ile, na watu husema ni kazi ya Mungu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2024 ya kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni katika mwaka 2021 peke yake. Karibu nusu yao hawakuwa wamefika umri wa miaka 30, na robo walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa watu wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati, yaani watu kama sisi, wanaochota maji, wanaovua na wanaovuka. Umoja wa Mataifa nao, mwezi wa Aprili 2021, uliamua kwamba tarehe 25 Julai kila mwaka iwe siku ya kukumbuka jambo hili. Siku hiyo huangukia karibu na wakati wa kurudi shuleni baada ya likizo. Sijapata kusikia ikitajwa katika shule yoyote ninayoijua.

Labda mtu atasema ya kuwa kumfundisha mtoto kuogelea ni kumtia tamaa ya maji, na ya kuwa wajuao ndio wafao. Nimelisikia neno hili kwa wazee ninaowaheshimu sana. Nami nikajiuliza, je, limepimwa mahali? Nikaambiwa habari za Bangladesh, nchi yenye mito na mabwawa mengi kuliko yetu, na maskini wengi kama sisi. Huko watoto wa miaka minne hadi kumi na miwili walifundishwa katika mabwawa ya kawaida ya vijiji, ndani ya vizimba vya mianzi vilivyosimikwa majini, na waalimu walikuwa vijana wa vijiji hivyo hivyo. Mtoto alihesabiwa kuwa amefuzu akiweza kuogelea mita 25, kuelea nusu dakika, na kumwokoa mwenzake akiwa yeye mwenyewe ukingoni. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliofundishwa walikufa maji mara chache mno kuliko wenzao wasiofundishwa. Vifo vilipungua kwa zaidi ya tisa katika kumi. Kwa hiyo tamaa ya maji haikuwaua. Kwa maoni yangu, aliyefundishwa vema hujua pia mahali asipopaweza, na kijana azamaye kwa kiburi ni yule aliyejifundisha mwenyewe kwa kujificha, asiye na mtu wa kumwambia, "Wewe bado."

Na kwa wale wasemao kuwa si heshima kwa binti, mfano hauko mbali. Unguja, katika vijiji vya kaskazini, kumekuwa na mafunzo yanayoitwa Panje tangu mwaka 2011. Wasichana wa huko, watoto wa Kiislamu wenye kujistahi, hufundishwa kuelea, kuogelea na kuokoa, wakiwa wamevaa mavazi ya kuwafunika mwili mzima, na miongoni mwa wafundishao wamo wanawake wenzao wa vijiji vile. Wanafunzi wa shule ya msingi ya Kijini walijifunza hivyo katika pwani ya Muyuni. Kama watu wa Unguja, ambao hakuna awezaye kuwafundisha habari za sitara, wameona njia, sisi wa Simiyu tuna udhuru gani? Sketi ndefu na suruali ya michezo ndani yake vyatosha. Mwalimu wa kike asimame pwani, na wavulana wapangiwe siku yao.

Sasa nije kwenye mambo mawili ambayo mimi mwenyewe nayaogopa, maana hayana utani. La kwanza ni mamba na kiboko. Sisi tu karibu na Serengeti, na Mto Mbalageti hutoka huko ukaja kumwaga maji yake katika ghuba hii yetu. Penye midomo ya mito, penye mafunjo na matete, na nyakati za jioni na usiku, hapana cha kufundishwa ila kukaa mbali. Wavuvi ndio wajuao ni pwani gani imeonekana mnyama juma hili, na yafaa waulizwe kila mara kabla ya mtu kutia mguu. Mtu asidhani kuwa kuogelea hodari kutamshinda mamba.

La pili ni kichocho. Ziwa linacho, malambo yanacho. Wale wadudu hutoka katika konokono wa majini, wakaingia mwilini kwa kupenya ngozi, wala huwezi kuwaona. Hapa yapo maneno ya haki dhidi ya hoja yangu, nami siwezi kuyafuta. Nasema tu kwamba msichana afuaye nguo penye majani kila Jumamosi amekwisha kuingia katika hatari hiyo bila kupata faida yoyote ya kuogelea. Konokono hupenda penye majani na maji yaliyotulia. Pwani ya mchanga iliyo wazi ina nafuu, ingawa si salama kabisa. Wadudu wale huwa wengi zaidi jua linapokuwa kali mchana, kwa hiyo asubuhi ni afadhali. Na dawa ya kichocho ipo, hugawiwa mashuleni kwa kampeni. Watakaofundishwa wapimwe na watibiwe. Kichocho chatibika.

Haya, na ninaomba nini hasa? Naomba juma la mwisho kabla ya kufunga shule, mitihani ya muhula ikiwa imekwisha na sisi tukiwa twangojea matokeo bila kazi, litumike kwa somo hili. Siku mbili darasani, na siku tatu pwani kwa wale ambao wazazi wao wametia sahihi. Wavuvi wawili watatu wenye sifa njema, walioteuliwa na serikali ya kijiji, waalikwe wawe waalimu pamoja na walimu wetu wa michezo. Mwanza lipo shirika la EMEDO ambalo limekuwa likifanya kazi ya kuzuia watu kufa maji katika ziwa hili. Mkuu wa shule akiwaandikia barua, sidhani watakataa kutushauri. Mahali pachaguliwe penye mchanga, maji yasipite kifua, na kamba ifungwe ili pasiwe na mtu wa kuivuka. Wanaofundishwa wasizidi watu kumi kwa mara moja. Jambo la kwanza kufundishwa liwe kulala chali juu ya maji na kutulia, maana mtu awezaye kuelea dakika chache amempa mwenzake nafasi ya kuleta fimbo.

Na darasani tufundishwe kumhudumia aliyetolewa majini. Nimemwuliza mganga mmoja akanieleza. Mtu asining'inizwe wala asikandamizwe tumbo. Alazwe chali mahali pa tambarare, aangaliwe kama apumua. Asipopumua, kichwa chake kiinuliwe kidogo kwenda nyuma, pua ibanwe, apuliziwe pumzi mdomoni hata kifua kionekane kuinuka. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo pumzi hutangulia. Kisha kifua kikandamizwe kwa nguvu, katikati, mara 30 kwa haraka, halafu pumzi mbili, tena mara 30, bila kuacha, mpaka apumue au wafike wenye ujuzi zaidi. Akizinduka apelekwe hospitali siku ile ile hata kama asema hana neno, kwa sababu mapafu huweza kuharibika baadaye. Haya yaweza kujifunzwa na mtoto wa kidato cha kwanza kwa saa moja na godoro kuukuu.

Kwa wazazi wanaosoma haya wakati sisi tuko nyumbani, nina maombi mafupi. Shimo la matofali lizungushiwe miiba au lifukiwe kazi ikiisha. Kisima kifunikwe. Ndoo imwagwe au iwekwe juu. Mtoto mgeni apelekwapo ziwani kwa ndugu, mwenyeji amwonyeshe siku ya kwanza kabisa mahali pa kuchota, mahali pa kuoga, na mahali asipotia mguu. Na mtu asivuke mto uliojaa kwa ajili ya kuwahi harusi. Bibi harusi atangojea.

Mimi mwezi wa Novemba nitafanya mtihani wa taifa pamoja na wenzangu, na mwakani hatutakuwapo hapa. Kwa hiyo siombi kwa ajili ya nafsi yangu ila kwa hao wadogo wa kidato cha kwanza, ambao wengi wao wametoka bara kama mimi na ziwa wamelionea dirishani mwa basi. Kuhusu gharama, nimejaribu kuzihesabu. Kamba nene ya kutosha yaweza kununuliwa mnadani Lamadi. Barua za wazazi zitakwenda pamoja na ripoti, hazina nauli nyingine. Madumu matupu ya mafuta ya kupikia yako nyuma ya jiko la shule, yamerundikwa karibu na kuni. Nimeyahesabu Jumapili iliyopita baada ya chakula, ni kumi na saba, na kumi na manne kati yake yana vifuniko.

Msichana wa Kidato cha Nne